Kitanda cha Mlimani na Firigisi ya Kuku

Kuku ana firigisi moja. Mungu angetaka amani kati ya watu waliooa nyumba moja angempa mbili, lakini hakumpa, na mimi nimekaa na jambo hilo moyoni tangu ujana wangu.

Kwetu Kasongo, mkwe akienda ukweni huchinjiwa kuku, na firigisi huwekwa juu ya wali, katikati ya sahani, ionekane. Haiwekwi pale kwa utamu. Inawekwa ili mtu ajue cheo chake. Mwanamke haigusi. Mama mkwe ndiye anayepika na kuipanga sahani, lakini humwoni. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Akitokea njiani, wewe unaingia majani hadi apite. Si chuki hiyo. Ni heshima, na hatuna heshima iliyo kubwa kuliko hiyo. Kwa hiyo sahani ndiyo ilikuwa mdomo wake. Kila alichotaka kuniambia, aliniambia kwa kuku.

Mimi nilioa binti wa kwanza wa nyumba ile. Firigisi ilikuwa yangu, nikaila miaka minne. Kisha mdogo wa mke wangu akaolewa na karani.

Karani huyu alifanya kazi kwenye ofisi ya serikali kule Kabambare. Soksi nyeupe hadi magotini, kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kuonekana. Alikuwa na karti, ile waliyopewa weusi wachache ambao Wazungu walisema wamestaarabika. Kabla ya kumpa walikwenda kwake kumkagua: kama anakula mezani na mke wake, kama anajua uma, kama choo chake kina mlango. Na mlango wa choo kile nani aliutengeneza? Mimi. Mimi ambaye shule niliijua miaka miwili, wa kwanza nikajifunza kusoma, wa pili nikajifunza kukwepa fimbo, kisha nikaenda kubeba magogo kwa mzee mmoja mpasua mbao njia ya Nyangwe, mpaka nikawa fundi ambaye wamisioni wenyewe walimwita kutengeneza makabati yao. Hakuna aliyenipa karti kwa kabati.

Siku ya kwanza tulipokutana ukweni, tukaletewa sahani moja, mimi na karani. Firigisi ilikuwa imeelekezwa upande wake. Niliitazama, nikadhani sahani imezungushwa kwa bahati mbaya, nikaizungusha. Baba mkwe akakohoa.

“Mkwe mkubwa, usione vibaya. Mwenzako ni mgeni, ametoka mbali.”

“Kabambare ni mbali?”

“Ni mbali kwa mutu wa kazi nyingi.”

Mwaka uliofuata bado alikuwa mgeni. Na ule mwingine. Nikaona kwamba kuna watu ugeni wao hauishi.

Basi Mzungu mmoja akapita Kasongo, akaona makabati ya misioni, akauliza fundi ni nani. Alikuwa anajenga nyumba ya wageni kule Kivu, juu milimani, kando ya lile pori la serikali ambalo wanyama wake ilikatazwa kuwagusa. Akanichukua na mke wangu na vifaa vyangu, tukapanda kamyo, lile lori lake. Pale Kabambare tulisimama ili barua yetu ya njia igongwe muhuri. Nani alikuwa na muhuri? Karani. Aliisoma barua yangu polepole kana kwamba iliandikwa na mwizi.

“Milimani kuna baridi, yaya,” aliniambia. Yaya, ndiyo, ndugu mkubwa, kwa mdomo tu. “Wazungu wanakwenda kule kupumuzika.”

“Mimi naenda kuwatengenezea mahali pa kupumzikia.”

“Ni kazi nzuri,” akasema, akagonga muhuri.

Tulikaa kule zaidi ya nusu mwaka. Nyumba ilikuwa juu ya ukingo, na chini yake bonde lote la wanyama, na ng'ambo ya bonde mlima wa moto ukitoa moshi mchana na wekundu jioni. Hivyo ndivyo nilivyosikia. Mimi nilikuwa ninatazama mbao. Wageni Wazungu walikuja na darubini, wakakaa barazani kwenye viti nilivyovichonga, wakawaangalia tembo wakienda majini. Nitasema ukweli: niliwaonea wivu hata tembo. Walikuwa na walinzi wenye sare, hawakuulizwa barua ya njia, na watu walitoka ng'ambo ya bahari kuja kuwaona wakinywa maji. Sisi wafanyakazi tuliishi kwenye kambi nyuma ya mgongo wa mlima, mahali ambapo ukungu huingia asubuhi na kukaa kama shemeji asiye na kazi. Kutoka kambini huoni bonde, huoni moto, unaona kuni.

Kulikuwa na kijumba kimoja pembeni, vyumba viwili, ukuta wa mbao katikati. Kile nilikijenga kwa mikono yangu peke yangu. Ndani ya chumba kikubwa nikaweka kitanda cha mvule, viungo vyote ulimi na tundu, bila msumari hata mmoja, na mbele yake dirisha pana kuliko mlango, ili mtu akiamka aone mlima bila kuinua kichwa. Mzungu alipokiona kitanda alikipiga teke mguuni. Hakikulia. Akasema vizuri. Akasema pia kwamba mfanyakazi yeyote atakayekaliwa na shetani akakaa juu yake atafukuzwa siku hiyo hiyo.

Mke wangu aliingia mle mara moja tu, kufagia maranda. Akasimama mbele ya kitanda na ufagio wake.

“Na mimi nitalala hapa lini?”

“Hapa ni pa Wazungu.”

“Umekichonga wewe. Mke wa mvuvi anakula samaki. Mke wa mwenye shamba anakula mupunga. Mimi nalala juu ya majani.”

Nilikuwa kijana na nilikuwa na kiburi, kama nilivyo sasa. Nikamwambia, “Kabla hatujaondoka mlima huu, utalala kwenye kitanda hiki. Nisipokulaza hapa, rudi kwenu.”

Alicheka. Lakini alikuwa mtu wa kushika neno, na neno langu alilishika kama unavyoshika mkia wa mbuzi sokoni.

Mwezi haukupita, Mzungu akaja karakana na barua mkononi, anafurahi. Administrateri wa Kabambare, mkubwa wa serikali kule, alikuwa rafiki yake. Aliomba apokee karani wake mmoja, mtu mwenye adabu kabisa, juma zima, kama zawadi ya kazi, pamoja na familia yake. Watalala katika kile kijumba. Nikitengeneze vizuri.

Nilimjibu ndiyo, Bwana. Kisha nikaingia kijumbani, nikapiga magoti, nikautoa mwiba wa mbao unaoshika mguu wa kitanda upande wa kichwani. Nikautia mfukoni. Niliwaza: alale, ageuke, aanguke na karti yake. Nilitembea nao mfukoni siku mbili. Siku ya tatu nikaurudisha, nikaupiga nyundo hadi ukazama. Si kwa huruma. Watu wangesema kitanda cha nani kimevunjika? Changu. Sikuwa tayari kuharibu jina langu kwa ajili ya mgongo wa karani.

Mke wangu alipopata habari hakupiga kelele. Alisonga ugali, akanipa, akakaa.

“Kwa hiyo mdogo wangu ndiye atalala.”

“Juma moja tu.”

“Mdogo wangu niliyembeba mugongoni.” Akakwangua sufuria. “Kuna kamyo ya kurudi Kasongo?”

Hapo nilijua kwamba jambo si mchezo.

Siku ya kufika kwao nilikuwa juu ya paa la ghala, ninapigilia. Nikaona kila kitu. Akashuka karani, kofia ya jua kichwani ingawa jua halikuwapo. Akashuka mke wake na mtoto mchanga mikononi, mtoto wao wa kwanza, wa miezi miwili. Kisha ukatokea mguu mwingine, mguu wa mtu mzima, unatafuta ardhi polepole, na juu yake kitambaa cha kujifunga, kikwembe ninachokijua.

Mama mkwe.

Alikuwa amekuja kumlea binti yake na mtoto, kama mama yeyote. Nililala kifudifudi juu ya bati, nyundo chini ya kifua. Naye alisafiri siku zote zile kichwa kimefunikwa kikwembe, karani mbele na dereva, yeye nyuma kwenye magunia, kila mmoja akijifanya mwenzake hayupo. Hadi hapo walikuwa wamefanya vizuri.

Lakini Madamu, mke wa Mzungu, akatoka barazani mikono wazi, akamshika mama mkwe mkono wa kuume na karani wa kushoto, akawapeleka wote pamoja ndani ya kijumba kimoja. Niliuona uso wa karani. Ulikuwa uso wa mtu anayepelekwa jela na watu wenye furaha.

Baada ya muda mfupi alikuja karakana, anahema.

“Yaya, niko na shida.”

“Shida gani, mutu wa karti?”

“Wametuweka pamoja. Mimi na yeye. Ukuta ni wa mbao!”

“Najua ukuta ule. Ni wangu. Mutu akikohoa upande huu, wa upande ule anasema pole.”

“Usicheke.”

“Si wewe uliyeandika barua?”

“Niliandika: familia, watu wanne, mtoto akiwa wa nne. Kifaransa safi kabisa.” Akajifuta jasho katika baridi ile. “Nani anahitaji kuandikiwa kwamba mukwe halali na mama mukwe? Ni kama kumwandikia mutu kwamba moto unaunguza.”

“Basi mwambie Madamu sasa.”

Hapo akatazama chini. “Siwezi. Siku ya kukaguliwa waliniuliza kama nimeacha desturi za kishenzi. Nilisema zote.”

Sijawahi kusikia neno tamu kama hilo. Zote! Nilichukua randa nikaendelea na ubao wangu, maana ningemtazama ningepiga vigelegele kama mwanamke.

Wakati wa chakula cha mchana nilikuwa na rafu za kutengeneza katika chumba cha vyombo, na mlango kati yake na chumba cha kulia una ufa upande wa bawaba. Nilichungulia. Nilichungulia upande wa karani tu, sikuangalia upande wa mama mkwe, mniamini au msiniamini. Madamu alikuwa amewapanga mwenyewe: karani huku, mama mkwe kule, uso kwa uso, supu katikati inatoa moshi. Nikasikia kiti kikikwaruza: mama mkwe amegeukia ukuta. Karani naye akageukia dirisha. Mke wake akabaki katikati, mtoto kifuani, mabega yanatikisika kwa kicheko alichokizuia. Hakuna kijiko kilichoinuka. Madamu akaja.

“Mama iko mugonjwa?”

Mama mkwe akabaki na ukuta wake.

“Karani iko mugonjwa?”

“Hapana, Madamu. Supu iko muzuri sana, Madamu,” karani akaliambia dirisha.

Aliiondoa supu, akaleta nyama. Akaiondoa nyama, akaleta viazi. Nadhani alidhani tunakula kwa kuangalia kwanza. Vyote vilirudi kama vilivyokwenda, na sisi tuliokuwa nyuma tulikula vizuri siku ile.

Jua likizama, karani akashuka kambini kwetu, bila kofia. Hakusalimia. Mke wangu alimwekea ugali na maharage, akala kama mpagazi, kwa mkono, uma wake sijui aliuacha wapi. Alipomaliza akasema atalala karakana, kwenye maranda. Alikuwa amemwambia Madamu kwamba daktari amemwagiza kulala peke yake mahali penye harufu ya mbao.

“Wastaarabu wana madaktari wa ajabu,” nilisema.

Nilikuwa na furaha iliyonijaa hadi kooni. Nilitaka kukaa mlangoni mwa karakana nimtazame akijifunika gunia. Sikuwahi kuwa na jioni kama ile. Ndipo mdogo wa mke wangu akaja na mtoto mgongoni, akasimama mbele ya moto wetu. Mimi ni shemeji yake, kwa hiyo huwa hanihurumii.

“Shemeji, umenona. Wivu una mafuta?” Kisha akamgeukia dada yake. “Yaya, mama anakuita. Anasema kitanda ni kikubwa kama uwanja wa misioni na mwanaume hayupo. Njoo tulale.”

Mke wangu alinitazama. “Uliniahidi,” akasema.

“Nilisema utalala. Sikusema bila...”

“Bila wewe?”

 Kama ningekwenda naye mlangoni tu ningekuwa chini ya paa la mama mkwe. Alioga, akavaa kikwembe chake cha sikukuu, akapanda njia na mdogo wake wakicheka tangu hatua ya kwanza. Mzungu angejua, angetufukuza wote wawili. Lakini Madamu alipowakuta asubuhi alihesabu wanawake, akatazama usoni mwa kila mmoja, akasema bonjour. Hakuweza kututofautisha, sisi watu wa Maniema, na safari hii sikukasirika.

Juma zima wakakaa hivyo, wanawake watatu na mtoto, juu. Mimi na karani karakana, maana nyumba yangu ilikuwa baridi bila mtu, na mtu hupenda kuwa karibu na anayemchukia kuliko kuwa peke yake. Mchana nilikuwa ninakwepa. Mama mkwe alipenda kutembea, na kila alipotokea, fundi mkuu mzima nilikuwa nyuma ya mti au chini ya gari. Mara moja tulijikuta mimi na karani ndani ya kichaka kimoja, tunangoja apite.

“Anatembea sana,” nilinong'ona.

“Anafurahi,” karani akanong'ona. Kisha, sijui kwa nini, labda kwa sababu ya siafu, akasema, “Unajua kule Kasongo ananitesa kwa mlango wako?”

“Mlango gani?”

“Uliomtengenezea jikoni. Kila nikija anamtuma mke wangu aniambie: mlango wa mkwe mkubwa haulii, mwaka wa sita haulii. Na mimi nimemletea nini? Picha yangu.”

Nilishika neno lile, nikaliweka. Lakini nilitaka pia kumwuliza: basi firigisi? Sikumwuliza. Mtu huwa haulizi jambo analolitaka kweli.

Siku ya tano mama mkwe alichoka na supu. Akaomba kuku hai jikoni, akamchinjisha, akampika mwenyewe kwa mafuta ya mawese aliyokuja nayo toka nyumbani. Mke wangu akatuletea sahani moja karakana, imefunikwa. Nikasema moyoni: hapa ndipo atakaposema. Sasa ametujua wote wawili, mmoja aliyesema mbele ya Wazungu kwamba desturi ameziacha, mmoja aliyelala juu ya bati ili asimwone. Nikafunua.

Wali, mapaja, mabawa, shingo. Nikageuza kwa kidole. Karani naye akageuza upande wake. Tukatazamana.

“Iko wapi?” nilimwuliza mke wangu.

“Nini?”

“Unajua nini.”

Alifunga mdomo kwa kikwembe, lakini macho yalimsaliti. “Mama amekula.”

“Mama? Firigisi?”

“Kwa uma, mezani. Alisema, wakwe zangu wote wawili wamelala kwenye maranda, nyumba haina mwanaume, sasa nimtupie mbwa? Akanikatia kidogo.” Akalamba midomo. “Kumbe si kitu kikubwa. Ni ngumu tu.”

Karani akaanza kucheka. Nilijaribu kukasirika, nikashindwa, nikacheka pia, lakini kicheko changu kilikuwa na mfupa ndani.

Waliondoka mwisho wa juma. Karani alimwambia Mzungu kwamba amepumzika sana. Ukweni, mwaka uliofuata, sahani zikawa mbili, kila mkwe na yake, na firigisi haikuonekana kwa yeyote hadi kifo cha yule mama. Nadhani aliionja akaipenda.

Kwa hiyo neno langu nilitimiza. Mke wangu alilala kwenye kitanda, siku sita. Mtu angedhani wivu uliisha hapo. Ulihama tu. Aliporudi kambini alianza kusimulia: jinsi mlima unavyokuwa mwekundu kabla ya jua, jinsi ukungu unavyojaa bonde hadi tembo wanabaki migongo tu, jinsi dirisha lile lilivyo pana hata unahisi umelala nje na huoni baridi. Dirisha nililolipima mimi! Nikaenda siku ileile na nyundo, nikijifanya kuna bawaba ya kukaza. Wageni wengine walikuwa wameshaingia, Mzungu mgeni na mke wake. Pazia limefungwa. Nilikaza bawaba kwa nje, mgongo wangu ukiwa upande wa mlima, kisha nikageuka, na ukungu ulikuwa umepanda. Baada ya majuma mawili kazi yangu ikaisha, tukarudishwa Kasongo.

Hapa nyumbani nilimchongea kitanda kingine. Mvule uleule, ulimi na tundu, hakuna msumari. Nilitoboa ukuta nikaweka dirisha pana ambalo majirani walilisema mwaka mzima. Wajukuu wamezaliwa juu ya kitanda hicho. Hadi leo, asubuhi nyingine, yule mwanamke anaamka, anatazama nje, anaona shamba la mpunga na mbuzi wa jirani, na anavuta pumzi.

“Kitanda ni kilekile,” anasema. “Hakilii.”

Nami ninangoja, maana najua halijaisha.

“Lakini wewe hukuona,” anasema, na anajifunika.